Blasti ya Mpunga: Kinga Inayotangulia Doa

Blasti ni ugonjwa wa mpunga unaoletwa na kuvu inayoitwa kisayansi *Magnaporthe oryzae*. Hushambulia mmea katika kila hatua, tangu mche ulio kitaluni hadi suke linalokaribia kuvunwa, na hushika karibu kila sehemu iliyo juu ya ardhi: jani, fundo la bua, shingo ya suke na punje yenyewe. Wataalamu hukadiria kwamba kila mwaka blasti huharibu kati ya asilimia 10 na 30 ya mavuno ya mpunga duniani, kiasi ambacho kingelisha watu wasiopungua milioni 60. Mwaka 2012, wanasayansi wa magonjwa ya mimea walipopigia kura kuvu kumi zenye uzito mkubwa kuliko zote, matokeo yaliyochapishwa katika jarida la *Molecular Plant Pathology* yaliiweka kuvu hii nafasi ya kwanza.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Kitabu cha Song Yingxing kilichotoka Uchina mwaka 1637 kiliueleza kama homa ya mpunga, na Waitaliano waliuandika mwaka 1828. Leo uko katika zaidi ya nchi 80. Afrika Mashariki unajulikana katika mabonde ya umwagiliaji na katika mpunga wa mlimani unaotegemea mvua, na wakulima wengi huuita kwa ujumla ukungu wa mpunga.

Jambo kuu katika kupambana na blasti ni wakati. Sehemu kubwa ya madhara hufanyika kabla jicho halijaona kitu, na shingo ya suke ikishaoza hakuna dawa inayoirudisha. Kwa hiyo kinga ya kweli hujengwa na maamuzi yanayotangulia doa la kwanza: mbegu ipi ipandwe, lini, kwa nafasi gani, kwa mbolea kiasi gani na kwa maji ya namna gani.

Usiku mmoja juu ya jani

Kuvu husambaa kwa spora, yaani vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila spora ina umbo la pea na vyumba vitatu ndani. Spora hutolewa kwa wingi usiku, hasa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, hewa ikiwa imejaa unyevu, kisha hubebwa na upepo. Inapotua juu ya jani lililolowa, ncha yake hutoa gundi inayoishikilia hapo. Ndani ya saa chache huchipua mrija mfupi, na ncha ya mrija huo huvimba na kuwa kuba dogo lenye ukuta mweusi wa melanini. Ndani ya kuba hujaa gliseroli, ambayo huvuta maji, na kanieneo hupanda hadi takriban megapaskali 8, karibu mara 40 ya upepo uliomo kwenye tairi la gari dogo. Kwa nguvu hiyo kigingi chembamba husukumwa chini na kuitoboa ngozi ya jani.

Kazi yote hiyo inahitaji jani libaki na maji. Joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, pamoja na umande, ukungu au manyunyu yanayokaa juu ya jani kwa saa kumi au zaidi, ndiyo mazingira ambamo kuvu hustawi kuliko yote. Jani likikauka mapema, spora nyingi hufa kabla ya kutoboa. Ndiyo sababu siku za mawingu, usiku wa baridi kidogo na asubuhi zenye umande mzito humtia mkulima mzoefu wasiwasi kuliko mvua kubwa ya mchana inayofuatwa na jua kali.

Kuvu ikishaingia, kwa siku za mwanzo huishi ndani ya seli zilizo hai bila mmea kuonyesha dalili yoyote. Doa huonekana siku ya nne au ya tano. Baada ya wiki moja hivi doa hilo huanza kutoa spora zake, na doa moja lililokomaa huweza kutoa maelfu ya spora kila usiku kwa takriban wiki mbili. Mzunguko wa siku saba hivi hujirudia mara nyingi katika msimu mmoja. Anayeona madoa machache leo anaona maambukizi ya wiki iliyopita, huku mengine mengi zaidi yakiwa tayari ndani ya majani yanayoonekana mazima.

Dalili na namna ya kuzitofautisha

Doa la blasti kwenye jani huanza kama nukta ya kijivu au ya kijani kilichofifia, kisha hurefuka na kuchongoka pande mbili kama umbo la almasi. Katikati huwa na rangi ya kijivu au nyeupe, na ukingoni huwa na mstari wa kahawia. Madoa yakiwa mengi huungana, jani zima hukauka, na kwenye miche au mpunga mchanga jaruba huweza kuonekana kama limeunguzwa na moto. Mahali jani linaposhikana na bua nako huweza kuoza, na fundo la bua likishikwa hugeuka jeusi na kukatika kwa urahisi.

Hatua yenye hasara kubwa ni ile ya shingo ya suke. Suke linapochomoza, sehemu iliyo chini yake huwa laini, na hupata pete ya kahawia iliyokoza au nyeusi. Njia ya chakula hukatika hapo. Maambukizi yakitokea kabla punje hazijaanza kujaa maziwa, suke zima huwa jeupe na kusimama wima kwa kuwa halina uzito, na ndani mna mapepe matupu. Yakitokea baadaye, punje hujaa nusu, huvunjika kinuni, na suke huning'inia likiwa limevunjika shingo. Shamba lililokuwa na majani mazuri muda wote wa kuchipua linaweza kupoteza mavuno katika hatua hii, kwa sababu usafi wa majani si dhamana ya usalama wa shingo.

Suke jeupe halitoki kwenye blasti peke yake. Funza wa mabua hukata bua kwa ndani na kuacha masuke meupe vilevile. Jaribio la mkono hutofautisha mambo haya mawili. Suke likivutwa taratibu na kuchomoka bila ubishi, likiwa na ncha iliyotafunwa na pengine kinyesi cha funza ndani ya bua, kisa ni mdudu. Likishikilia, na chini yake kukawa na pete nyeusi iliyosinyaa, kisa ni blasti. Madoa ya majani nayo huchanganywa na ugonjwa wa madoa ya kahawia, ambao madoa yake ni ya mviringo au yai na hutokea zaidi kwenye udongo uliochoka, na kimyanga, ambao ni virusi vinavyoligeuza jani kuwa la njano lenye michirizi na kuudumaza mmea. Kupuliza dawa ya kuvu kwenye shamba lenye funza au virusi ni kutupa fedha.

Mwea na mpunga wa pishori

Skimu ya Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, inaonyesha vizuri jinsi mambo haya yanavyokutana mahali pamoja. Ilianzishwa miaka ya 1950 na hunyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi. Zao linaloipa sifa ni pishori, ambao kwa kiasi kikubwa ni aina ya Basmati 370. Aina hii ilichaguliwa mwaka 1933 katika kituo cha Kala Shah Kaku, Punjab, sehemu ambayo sasa ni Pakistan. Harufu na ladha yake huipatia bei nzuri sokoni, lakini haina kinga ya kutosha dhidi ya blasti, na tangu miaka ya mwisho ya 2000 wakulima wa Mwea wamepata hasara kubwa kwa ugonjwa huu, hasa ule wa shingo ya suke.

Sababu ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya bonde hupandwa mmea ule ule mmoja. Spora inayoweza kushinda jaruba moja inaweza kushinda majaruba yote yanayolizunguka. Sababu ya pili ni hali ya hewa. Mvua za vuli zikiukuta mpunga unatoa masuke, unyevu na ulaini wa shingo hukutana kwa wakati mmoja. Sababu ya tatu ni maji. Yanapogawanywa kwa zamu, majaruba jirani hupandwa kwa tarehe tofauti, na shamba lililotangulia hulirushia spora lile linalofuata. Maotea yanayoachwa baada ya mavuno nayo huipa kuvu mahali pa kuishi kati ya msimu na msimu. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limeongeza maji na uwezekano wa kulima misimu miwili kwa mwaka. Faida yake ni kubwa, lakini bonde ambalo halikosi mpunga mwaka mzima halikosi pia chakula cha kuvu, hivyo utaratibu wa kupanda kwa pamoja na kupumzisha majaruba unahitajika kuliko zamani.

Mbegu na kitalu

Kuvu huishi katika mbegu na katika mabua makavu ya msimu uliopita. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutotenga mbegu kutoka jaruba lililougua, hata kama sehemu ya masuke yake ilionekana nzuri. Mbegu iliyothibitishwa na mamlaka za mbegu hupunguza hatari, na mkulima anayetunza mbegu yake mwenyewe anaweza kuichambua kwa maji ya chumvi. Chumvi huyeyushwa ndani ya ndoo ya maji hadi yai bichi lililotumbukizwa lipande na kuelea juu, sehemu yake ndogo ikionekana. Yai hutolewa, mbegu humiminwa na kukorogwa. Zinazoelea, yaani mapepe na punje nyepesi ambazo mara nyingi ndizo zenye magonjwa, huenguliwa. Zilizozama huoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu ili chumvi isizuie uotaji, kisha hulowekwa na kuatamiwa kama kawaida. Njia hii haiondoi kila kuvu iliyo ndani ya mbegu, lakini huupa mmea mwanzo wenye nguvu na kupunguza chanzo cha ugonjwa. Dawa ya kupaka mbegu huongeza kinga pale historia ya ugonjwa ni kubwa.

Kitalu huwekwa mbali na marundo ya mabua na mbali na mpunga uliotangulia. Mbegu zikimwagwa kwa msongamano na kitalu kikatiwa urea nyingi, miche huwa laini, hulowa umande hadi jua kuwa kali, na ugonjwa husafiri nayo hadi shambani siku ya kupandikiza. Miche yenye madoa haipandikizwi.

Mbolea, maji na nafasi

Hakuna tendo la mkulima linaloikaribisha blasti kuliko naitrojeni iliyozidi. Jani lililolishwa urea kwa mkupuo mmoja huwa na kijani kilichokoza, lakini kuta za seli zake ni laini, na majani husongamana hata upepo usipite katikati. Dawa yake si kuacha mbolea, kwa kuwa mpunga wenye njaa hauleti mavuno. Dawa ni kuigawa: sehemu wakati machipukizi yanatoka, sehemu suke linapoanza kujiunda ndani ya bua, na kila sehemu kwa kiasi kinacholingana na udongo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, imeeneza chati ya rangi za majani ambayo mkulima huiweka kando ya jani ili kujua kama mmea unahitaji naitrojeni zaidi. Pale blasti ilipoanza kuonekana, mkupuo unaofuata huahirishwa hadi madoa mapya yaishe.

Silika hufanya kazi ya kinyume. Mpunga hufyonza madini haya kuliko mazao mengi, na katika mmea wenye afya huweza kufikia karibu asilimia 10 ya uzito mkavu. Silika hujipanga chini ya ngozi ya jani na kuifanya ngumu kutobolewa, na pia huuandaa mmea kujihami haraka kuvu inapoingia. Udongo uliolimwa mpunga miaka mingi huku mabua yakiondolewa yote huishiwa silika. Maganda ya mpunga na majivu yake yana silika nyingi, na marundo yanayotupwa kando ya mashine za kukobolea yangefaa zaidi yakirudishwa majarubani kabla ya kupandikiza.

Maji yaliyosimama shambani nayo ni kinga. Udongo uliofunikwa na maji hurahisisha ufyonzaji wa silika, na mpunga unaopata ukame kidogo kisha umande mzito huwa katika hatari kubwa. Ndiyo sababu mpunga wa mlimani huumia zaidi. Kilimo shadidi, ambacho huruhusu jaruba kukauka na kulowa kwa zamu, huokoa maji na kinaweza kuendelea mahali penye blasti, ila mkulima anahitaji kurudisha maji pindi madoa yanapoonekana na kutoliacha jaruba likauke tangu mpunga unapobeba mimba hadi masuke yatoke yote. Nafasi ya sentimita 20 kwa 20, au 25 kwa 25 katika kilimo shadidi, huingiza hewa na kufupisha muda ambao jani limelowa. Palizi husaidia kwa njia hiyo hiyo.

Aina zenye ukinzani na kuvu inayobadilika

Njia rahisi kuliko zote kwa mkulima ni aina isiyoshikwa. Mpunga una jeni nyingi za ukinzani, na zaidi ya 100 zimetambuliwa. Kila moja huuwezesha mmea kugundua protini fulani ya kuvu na kuua seli chache zinazozunguka mahali ilipoingia, hivyo kuvu hufa njaa papo hapo. Udhaifu wake uko hapo hapo: kuvu ikipoteza au kubadili protini hiyo, mmea hauioni tena.

Korea Kusini ilijifunza hili kwa gharama. Mpunga wa Tongil, ulioenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa na mavuno makubwa na haukushikwa na blasti, na uliisaidia nchi kujitosheleza kwa mchele. Aina za kundi hilo zilipotapakaa mashamba mengi, kuvu iliyoweza kuzishinda ilipata uwanja mpana, na mwaka 1978 blasti ilizipiga vibaya.

Mkoa wa Yunnan nchini Uchina ulitoa somo la upande wa pili. Wakulima walichanganya safu za mpunga wa kunata, ambao ni dhaifu kwa blasti, na safu za mpunga chotara wenye ukinzani. Kazi hiyo ilifanyika kwenye hekta 812 mwaka 1998 na hekta 3,342 mwaka 1999. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la *Nature* mwaka 2000 yalionyesha kwamba ukali wa blasti kwenye mpunga wa kunata ulishuka kwa asilimia 94, na mavuno yake yalizidi kwa asilimia 89 yale ya mpunga wa kunata uliopandwa peke yake. Spora zilikutana na mimea isiyoambukizika, na hewa ilipita vizuri zaidi kati ya safu za vimo tofauti.

Wazalishaji wa mbegu sasa hawategemei jeni moja. Huunganisha kadhaa katika aina moja ili kuvu ilazimike kubadilika mara nyingi kwa pamoja. Jeni ya Pi9, iliyotoka katika mpunga wa porini *Oryza minuta*, ina kinga pana, na wataalamu wa India waliiingiza katika basmati na kutoa aina ya Pusa Basmati 1637. Hilo linaonyesha kwamba harufu ya basmati na ukinzani vinaweza kukaa katika mmea mmoja, jambo lenye maana kubwa kwa wakulima wa pishori. Hadi aina kama hizo ziwafikie, kupanda aina mbili au tatu tofauti katika skimu moja ni salama kuliko kulijaza bonde zima aina moja.

Viuakuvu na wakati wake

Viuakuvu ni tegemeo la mwisho, na thamani yake imo katika saa ya kuvitumia. Trisaiklazoli huzuia kuvu kutengeneza melanini. Bila melanini kuba halihimili kanieneo, na kigingi hakitoboi. Kwa hiyo dawa hii hulinda jani na shingo zilizo nzima, lakini haiponyi zilizokwisha kushikwa. Azoksistrobini hufanya kazi kwa njia nyingine, ya kukata upumuaji wa kuvu, ila badiliko moja tu la jeni linatosha kuifanya kuvu isidhurike nayo. Kurudia kundi moja la dawa msimu baada ya msimu ni kuichagulia kuvu mbegu sugu, hivyo makundi hubadilishwa kwa zamu.

Katika shamba lenye historia ya blasti, upuliziaji wenye faida zaidi hufanyika mwisho wa hatua ya mimba, masuke ya kwanza yanapochungulia, na hurudiwa wakati mengi yameshatoka ikiwa unyevu unaendelea. Kupuliza baada ya masuke kuwa meupe hakuokoi punje hata moja. Dawa hupulizwa umande ukishakauka, pasipo upepo mkali wala dalili ya mvua, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, huku mpulizaji akiwa amevaa barakoa, glavu na buti. Dawa inunuliwe ikiwa imesajiliwa na mamlaka ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Masoko nayo hupima mabaki: Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango cha trisaiklazoli kinachoruhusiwa kwenye mchele hadi miligramu 0.01 kwa kilo.

Baada ya kuvuna

Mabua ya jaruba lililougua hayaachwi yakauke kando ya shamba, kwa kuwa katika mabua makavu kuvu huweza kudumu zaidi ya mwaka. Yakilimiwa chini na kuloweshwa huoza, na kuvu hufa upesi huku silika ikirudi udongoni. Yakilishwa mifugo, mabaki ya zizini huozeshwa vizuri kabla ya kurudi shambani. Maotea yenye madoa hung'olewa. Ulezi wa jirani una blasti yake, inayoletwa na nasaba nyingine ya kuvu hii hii, na kwa kawaida haihamii kwenye mpunga; magugu ya jamii ya nyasi yaliyo kwenye kingo za mifereji ndiyo yanayostahili kufyekwa.

Kazi ya mwisho ni ya skimu nzima: kukubaliana tarehe za kitalu na za kufungulia maji, ili majaruba yatoe masuke kwa kipindi kimoja na masuke hayo yasiangukie majuma yenye unyevu mwingi, kisha kuacha kipindi kisicho na mpunga kabisa. Upepo haujui mpaka wa jaruba, na juhudi za mkulima mmoja hudhoofishwa na jirani aliyechelewa mwezi mmoja. Mbegu safi, mbolea kwa vipimo, maji ya kutosha wakati wa mimba, aina mbalimbali na kalenda moja, kila kimoja hupunguza sehemu ya ugonjwa. Vikitumiwa pamoja, kiuakuvu hubaki kuwa nyongeza, na blasti hushuka hadi kiwango ambacho mavuno yanaweza kukistahimili.